Lahani Moja ya Zeze, Mapigo Mawili

SWALI: Babu yangu, Mgogo aliyehamia hapa Inyonga, hupiga zezeni lahani ambayo Dodoma niliisikia ikipigwa vingine. Ipi ndiyo asili?

JIBU: Ndugu msomaji, lahani ipokewayo kwa masikio haina nakala moja sahihi ambayo nyinginezo ni upotofu wake. Hata huko Uskoti, ambako Niel Gow alichapisha mkusanyo wa lahani za fidla mwaka 1784, wapigaji hawakuacha kuzigeuza, na baadhi zikapata majina mawili matatu. Basi uliza ilipitia kwa nani. Mkalishe babu, umwulize alifunzwa na nani, mwaka wa njaa ipi. Kisha, kabla hajashika upinde, sikiliza anavyozikaza nyuzi, maana uzi mmoja ukilegezwa kidogo tu lahani yote huhama, na mgeni hudhani wimbo ni mwingine kabisa. Maneno ya wimbo usiyategemee mno. Kiitikio, kwa kadiri nionavyo, ndicho shahidi mwaminifu zaidi. Ukitaka mapigo ya zamani ya kulinganisha, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Tanganyika mwaka 1950, na hazina yake imehifadhiwa Grahamstown (siku hizi Makhanda), Afrika Kusini. Lakini kabla ya kuandika barua huko, tafadhali mrekodi babu, wiki hii hii, kwa simu yako.