Je, Kitabu cha Kidijitali Nilichonunua ni Mali Yangu?

Swali: Nimenunua kitabu mtandaoni, lakini siwezi kumwazima rafiki yangu. Si nimekilipia?

Jibu: Ulicholipia ni leseni ya kusoma. Faili limefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake umeunganishwa na akaunti yako; simu ya rafiki haina ufunguo huo. Mwenye duka naye anaweza kukiondoa kitabu kwenye kifaa chako. Julai 2009, duka la mtandaoni la Amazon lilifuta nakala za riwaya ya George Orwell, 1984, kwenye vifaa vya kusomea vya Kindle vya wateja, kwa kuwa aliyeziuza kupitia duka hilo hakuwa na haki ya kuziuza Marekani. Wateja walirudishiwa fedha, na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi. Soma masharti kabla ya kulipa. Ukitaka kitabu cha kuazimana, nunua cha karatasi.