Mkono wa Mtu Mzima si Samaki Mkavu



Wako wahitimu wengi wanaosoma vizuri, lakini kalamu wameiacha. Ukiwauliza sababu, wanajibu: "Mwalimu, mkono huu umeshakomaa. Samaki mkunje angali mbichi." Basi barua zao huandikwa na mtoto, na siri yao haiwi siri tena. Je, ni kweli kwamba mkono wa mtu mzima haufundishiki? Tuone wataalamu wa ubongo wamegundua nini.

UBONGO HUKISIA KWANZA

Umelikuta debe kisimani. Unadhani limejaa maji, unaliinua kwa nguvu. Kumbe tupu! Mkono unaruka juu, nawe unayumba. Kwa nini? Kwa sababu kabla hujaliinua, ubongo ulikwisha kisia uzito wake na kuuagiza mkono utumie nguvu nyingi. Ukiliinua mara ya pili, mkono hauruki. Ubongo umejisahihisha.

MASHINE INAYOSUKUMA MKONO

Mwaka 1994 wataalamu wawili nchini Marekani, Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Watu walishika mpini wa mashine, wakaambiwa wausogeze mpaka kwenye alama. Kazi rahisi. Lakini mashine ikawa inausukuma mkono pembeni, na mwanzoni mikono yote ilikwenda upogo. Watu wakarudia tena na tena, mamia ya mara. Kidogo kidogo mkono ukanyooka, ingawa mashine ilikuwa bado inasukuma.

Halafu wataalamu wakauondoa msukumo ule ghafla. Mkono ukapinda tena, safari hii upande wa pili! Ni kama lile debe tupu. Ubongo ulikuwa umejiandaa kupambana na msukumo ambao haupo. Hiyo ndiyo dalili kwamba ulikuwa umejifunza kweli.

KICHWA KILISAHAU, MKONO ULIJUA

Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa. Tangu hapo hakuweza kukumbuka mambo mapya. Ukizungumza naye, ukatoka, ukarudi, hakujui.

Bibi Brenda Milner, mtaalamu kutoka Kanada, alimpa kazi ya kuchora nyota kwa penseli huku akiutazama mkono wake ndani ya kioo tu. Kazi hiyo ni ngumu, maana kioo hugeuza mambo. Siku ya kwanza alikosea sana. Siku ya tatu alichora vizuri. Lakini kila siku alisema kwamba hajapata kuifanya kazi ile maishani mwake! Hivyo ikajulikana kwamba sehemu ya ubongo inayotunza habari za jana siyo ile inayoufundisha mkono.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, mtu mzima hufundishika. Mzee huenda akachukua muda mrefu kuliko kijana, lakini atafika.

Pili, kosa ni mwalimu. Ubongo hulinganisha ulichokusudia na kilichotokea, kisha hurekebisha. Herufi iliyopinda si aibu. Ni habari ambayo ubongo unaihitaji ili herufi ijayo inyooke.

Tatu, mkono haufundishwi kwa maneno. Ukae darasani mwaka mzima ukisikiliza maelezo, bila kushika kalamu mkono hautajua kuandika. Jembe nalo ulilijua kwa kulima, si kwa kusimuliwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiseme umekauka. Shika kalamu leo.

ZOEZI

Andika jina lako na jina la kijiji chako mara kumi kila jioni, kwa siku saba. Itunze karatasi ya kwanza. Siku ya saba zilinganishe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mkono huruka ukiinua debe tupu ulilodhani limejaa?
2. Mashine ilipoacha kusukuma, mkono ulipinda upande gani? Kwa nini?
3. Henry Molaison alisahau nini, na mkono wake ulijifunza nini?
4. Taja kazi moja ambayo mikono yako iliijua ukiwa tayari mtu mzima. Uliijuaje?