Programu ya Duka na Deni la Karafuu

 Mdogo wangu wa Chake Chake, Pemba, umeniandikia kwamba kampuni yako ya vifaa vya ujenzi imeshasajiliwa BPRA, kwa wasajili wa biashara, ina watu watatu na stoo mbili, na daftari limeanza kukushinda. Fundi mmoja amekushauri ununue programu ya kulipia kila mwezi. Mwengine amekwambia zipo za huria, "za bure kabisa", atakuwekea jioni moja na kesho unauza. Unaniuliza umfuate yupi.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wewe daftari unalo, habari ndiyo huna. Umeniandikia mwenyewe: hujui ni mabati mangapi yapo stoo ya Machomanne, na hujui nani anadaiwa nini mpaka ukae usiku mzima ukipekua kurasa zilizolowa mafuta ya taa. Hilo ndilo tatizo lako. Programu ni dawa mojawapo tu.

Kwanza tulitengeneze hilo neno, maana fundi wako wa pili amelipindisha. Kiswahili kimetupa maneno mawili, huria na bure. Waingereza wanatumia moja kwa yote mawili, na wamebishana juu yake miaka nenda miaka rudi. Siye hatuna sababu ya kubishana. Programu huria ni ile ambayo watungaji wameiachia pamoja na maandishi yake ya ndani, yale yanayoitwa msimbo, ukawa na haki ya kuitumia, kuichungulia, kuirekebisha na kumpa mwenzio. Leseni yake maarufu kuliko zote, GPL, ilitoka mwaka 1989. Haisemi kwamba hutatoa senti. Laptopu utanunua, fundi utamlipa, na siku za kuwafundisha wauzaji wako ni siku ambazo mauzo yatakwenda kwa kusuasua. Tena zipo programu za bure ambazo si huria hata kidogo: leo unapewa, kesho mwenyewe akibadili nia anafunga mlango na hesabu zako zikiwa ndani.

Wala usidhani huria ni vitu vya watoto wa kompyuta kuchezea. Wizara ya Afya Zanzibar inakusanya takwimu za vituo vyake kwa DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Na Desemba 2004, watu wa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti ili watafsiri. Ruhusa ilikuwa ndani ya leseni.

Sasa, kabla sijakutajia jina la programu hata moja, leta daftari lako la madeni. Mie hapo ndipo ninapopima.

Programu nyingi za biashara zimetungwa kwa ajili ya watu wanaolipwa mwisho wa mwezi. Ukiuliza nani anadaiwa, zinakupangia madeni kwa safu: siku 30, siku 60, siku 90. Aliyepita siku 90 anawekwa kama mtu mbaya, na nyengine zinaandika jina lake kwa rangi nyekundu. Hebu niambie, Pemba hii nani hulipa kwa siku 30? Mzee wa Konde aliyechukua mabati arubaini kwa mali kauli alikwambia wazi kwamba atalipa karafuu zikichumwa, ZSTC, shirika linalonunua karafuu, wakishampimia na kumlipa. Msimu mkubwa wa karafuu nao hauji kila mwaka. Mama wa mwani anakwenda na bamvua, kwa sababu pwani haishukiki kila siku. Mvuvi wa dagaa anakwenda na giza. Mwezi ukiwa mpevu, usimsumbue kwa simu, hana kitu. Mwalimu ndiye peke yake mwenye tarehe.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa fundi yeyote ni hili: nikitaka madeni yapangwe kwa karafuu, bamvua, giza na mshahara, programu yako itanikubalia? Kwa ile ya kulipia kila mwezi, jibu mara nyingi ni "tutawaandikia makao makuu". Kwenye huria unaweza. ERPNext inakuachia ubadilishe zile siku za safu zenyewe. Dolibarr inakuruhusu kubandika lebo juu ya kila mteja, kisha ukawachambua kwa lebo. Mzee wa Konde anawekewa lebo ya karafuu, na hakuna anayempigia simu ya aibu katikati ya masika.

Swali la pili ni vipimo. Misumari unainunua kwa mfuko na kuiuza kwa kilo, nusu na robo. Mpira wa maji unakuja kwa roli, unaondoka kwa mita. Nondo inakuja kwa tani, inaondoka kwa mche. Wengi wanaokwama na programu ya stoku wamekwamia hapa: muuzaji ametoa kilo mbili, mashine imetoa mifuko miwili, na baada ya wiki kompyuta inasema una misumari pungufu ya sifuri. Nimeiona kwa macho yangu stoku iliyoandikwa hasi kumi na nne. ERPNext inajua kugeuza mfuko kuwa kilo ukishaifundisha mara moja. Kwenye Dolibarr mie huandikisha kila kitu kwa kipimo kidogo kabisa ninachouzia, mzigo ukifika nazidisha kwa kichwa. Si jambo la kujivunia, lakini haliharibiki.

Majina basi, haraka haraka.

GnuCash ni ya zamani na ni imara, ipo tangu miaka ya 1990, inafuata uhasibu wa kuingiza pande mbili. Ingekufaa kama ungekuwa na ofisi ya huduma bila stoo. Kwa duka lako ni kama kuvulia pweza kwa nyavu.

Odoo ni ya Wabelgiji. Mpaka 2014 ikiitwa OpenERP. Inapendeza machoni, na kaunta yake ya kuuzia ni nzuri. Lakini angalia: tangu 2015 ina sura mbili, toleo la jumuiya lililo huria na toleo la kulipia, na uhasibu kamili umewekwa upande wa kulipia. Fundi akikuonyesha picha za Odoo muulize hizo ni za toleo lipi.

ERPNext ni ya Wahindi. Mwanzilishi wake, Rushabh Mehta, aliitunga baada ya kuhangaika na mfumo wa kununua katika biashara ya samani ya familia yake, na ukiitumia unahisi kwamba aliyeitunga amewahi kuhesabu mbao. Uhasibu wote umo, haukufichwa. Ubaya wake inataka kukaa juu ya Linux na inataka fundi anayeijua kweli. Si kazi ya jioni moja, na atakayekwambia ni ya jioni moja hajawahi kuiweka.

Dolibarr ni ya Wafaransa, ndogo, haina mapambo. Ina kifurushi cha Windows kiitwacho DoliWamp kinachoweka kila kitu kwa mkupuo mmoja. Unaiwasha sehemu unayoihitaji tu: wateja, ankara, stoku, basi. Maneno ya skrini yamo kwenye mafaili ya kawaida ya maandishi, kwa hiyo yule kijana wako wa kaunta asiyeelewa Kiingereza anaweza kuandikiwa "mzigo uliobaki" pale anapohitaji kuuona. Kwa watu watatu na stoo mbili, mie ningeanzia hapo. Ukikua ukampata mtu wa Linux aliye Pemba hapa hapa, si wa kusubiriwa ashuke na boti Mkoani, hamia ERPNext.

Hilo la mtu aliye karibu nalisisitiza. Programu ipi ni bora hakuna anayeweza kukwambia bila kujua nani ataitengeneza siku ya Ijumaa saa kumi imegoma. Tafuta fundi kwanza, kisha mwulize anaimudu ipi.

Kuiweka sasa. Wauza huduma watakwambia uiweke kwenye mtandao. Sikatai, lakini fikiria siku ambazo intaneti ya kisiwa inakatika na mteja amesimama na gari la ng'ombe nje anasubiri saruji. Iweke kwenye laptopu moja dukani, uweke na kirauta kidogo. Simu na kompyuta za wenzako zitaingia kwa waifai hata bundle ikiwa imekwisha, maana safari ya taarifa zao haivuki ukuta wa duka. Nasema laptopu na siyo kompyuta ya mezani kwa sababu ya betri yake. Tangu 2010 tunao umeme wa kebo ya baharini kutoka Tanga, na anayekumbuka enzi za majenereta anajua ni neema gani, lakini umeme unakatika bado. Ukikatika ghafla wakati hifadhidata inaandika, unaweza kukuta hesabu za siku zimechanika katikati. Stoo ya pili iandike kwa karatasi mchana, iingizwe jioni. Usianze na makubwa.

Nakala za akiba. Hapa nitajianika mwenyewe.

Mwaka wa kwanza nilipotoka kwenye daftari nilikuwa na bidii ya ajabu. Kila Alkhamisi jioni nachomeka flashi, nanakili, nachomoa, natia kwenye mkoba, najiona msomi. Laptopu ikaja kuingia maji ya mvua. Sikutishika hata kidogo. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya jirani, nikafungua, nikakuta kile kialama cha programu tu, kile unachobofya kufungulia. Miezi saba nilikuwa nanakili kitasa nikidhani nimebeba nyumba. Madeni niliyarudisha kwa kwenda mlango kwa mlango kuuliza watu, "hivi mimi nakudai?" Ajabu ni kwamba wengi walisema ndiyo.

Basi wewe nakili hifadhidata yenyewe, na mara moja kwa mwezi ifungue kwenye mashine nyengine uone kama majina ya wateja yapo. Nakala moja ikae dukani, moja ivuke maji, kwa ndugu aliye Unguja au Tanga. Chumvi na unyevu wa huku haviheshimu flashi.

Na nenosiri kuu liwe lako. Nina ndugu yangu aliyewekewa mfumo mzuri sana, fundi akaondoka na nenosiri kichwani mwake. Walipokosana malipo, duka likawa halijui linachouza. Programu ilikuwa huria. Yeye ndiye alikuwa kafungwa. Liandike, litie kwenye bahasha, mpe mama alifungie sandukuni.

Kuhusu kodi: programu hii haichukui nafasi ya risiti ya kielektroniki ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Hiyo utaendelea kuitoa kwa mfumo wao kama ulivyoelekezwa. Kodi ya mapato ni mambo ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na VAT ya humu ndani ni ya ZRA. Usikubali fundi akujazie viwango vya Bara kwa mazoea. Pita ofisini kwa ZRA hapo Chake, uliza, andika kiwango kwa mkono wako mwenyewe. Na kabla ya kulipa fundi, mwambie akutolee orodha yote ya wateja na bidhaa kwenye faili la jedwali unaloweza kulifungua kwa LibreOffice. Akishindwa kuitoa leo, nawe hutaitoa siku utakapotaka kuhama.

Muda wa kuanza: si Ramadhani, na si msimu wa karafuu. Msimu ukishika watu wana pesa na wanajenga. Huo si wakati wa kumfundisha mtu kubofya. Chagua miezi iliyolala. Mwezi mzima andika kote kuwili, daftari na kompyuta, na kila baada ya kufunga duka linganisha.

Jioni ya kwanza hesabu hazitalingana. Ya pili pia. Utataka kuilaumu mashine, na fundi atataka kumlaumu kijana wa kaunta. Kabla hamjagombana, muulize kaka yako, yule anayepita asubuhi akibeba kilo moja ya misumari na kusema ataandikisha kesho.