Stata ya Injini ya Mashua Ikikataa

Bwana mkulima, ikiwa wavua samaki katika Ziwa Naivasha kwa mashua yenye injini ya zamani, wajua kwamba upepo wa alasiri hauna subira na viboko hawampishi mtu. Basi jifunze somo hili ungali nchi kavu.

Mkulima mmoja alimlipa fundi afungue stata. Kumbe stata haikuwa na kosa. Ubaya ulikuwa unga mweupe juu ya vichwa vya betri. Kwa kuwa taa iliwaka, alidhani umeme watosha. Lakini taa yataka umeme kidogo, na stata yataka mwingi sana. Ni kama mfereji ulioziba matope: maji yatamtosha ndama, lakini hayatatosha shamba.

Fuata mpango huu:

1. Weka gia katikati. Injini nyingi hukataa stata gia ikiwa imeingia. Tazama na fyuzi pia.

2. Pima betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Mwenzako azungushe ufunguo huku ukipima. Ikishuka chini ya 9.6, itiwe chaji, kisha ipimwe tena.

3. Fungua kwanza waya wa alama ya kutoa (–), halafu wa kujumlisha (+). Osha vichwa kwa maji ya magadi, yasiingie ndani ya betri. Sugua mpaka ving'ae, kausha, kaza sana, upake grisi. Waya wa kutoa urudi mwisho.

4. Sasa jaribu na usikilize. Ikilia “ta!” tu, fuata waya nene hadi kwenye stata, usafishe kila kiungo. Stata ikizunguka peke yake bila kugeuza injini, kijino chake kimeshikwa na uchafu; kisafishe. Yote yakiwa sawa na bado kimya, ndipo umwite fundi.

Usishike ufunguo zaidi ya sekunde 10. Ipumzishe stata dakika 2, isije ikaungua. Ukisikia harufu ya petroli, usijaribu kabisa mpaka iishe, maana cheche moja yaweza kuchoma mashua.

Hatua ya 2 na ya 3 zafaa kwa trekta pia. Na usitoke ufukoni bila kasia, kamba ya kuvutia injini na jaketi ya kuokolea. Betri huweza kukuangusha. Kasia haihitaji chaji.