Mtoto wa Mapajani Naye ni Abiria

Jumapili iliyopita dada mmoja wa Tabata alinipigia simu akiwa Muscat, alikokwenda kumtembelea mumewe anayefanya kazi huko. Alisafiri na binti yao wa miezi 11. Kigari cha mtoto alichokikabidhi mlangoni mwa ndege Dar es Salaam alikipokea Jumamosi gurudumu moja limevunjika na kitambaa kimechanika. Alipolalamika, mhudumu wa kaunta alimjibu, tena kwa upole: "Mama, mtoto wako hana kiti, kwa hiyo hana haki ya mzigo." Dada yangu akaona aibu, akaondoka. Aliponipigia alitaka kujua jambo moja tu: ni kweli?

Si kweli. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayepakatwa hukatiwa tiketi yenye jina lake. Katika safari za kimataifa mashirika mengi hutoza karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Bei ni ndogo lakini tiketi ni tiketi, na tiketi ni mkataba. Binti wa Tabata ni abiria kama wewe na mimi. Alichokosa ni kiti tu.

Nitarudi kwenye kigari. Kwanza niseme kuhusu nyumbani, maana kesi nyingi za safari za watoto ninazoletewa zimeharibika kabla mtu hajafika uwanjani.

Zamani mtoto aliandikwa ndani ya pasipoti ya mama yake. Siku hizi kila mtu ana yake, hata aliyezaliwa mwezi uliopita. Hapa Tanzania Uhamiaji watadai cheti cha kuzaliwa pamoja na nyaraka za wazazi, na cheti hicho unakipata kwa wakala wa usajili, RITA, au kwa wakala wa usajili wa Zanzibar ikiwa mtoto amezaliwa visiwani. Usikate tiketi ukitegemea kwamba cheti kitatoka wiki ijayo. Hakikisha pia majina yanafanana herufi kwa herufi. Cheti kikisema Khadija na pasipoti ikisema Hadija, utaeleza hadi ndege iondoke.

Halafu kuna suala la baba, au la mama, asiyesafiri. Wazazi wengi hukasirika afisa uhamiaji akiwauliza, "Baba wa mtoto yuko wapi?" Usikasirike. Tanzania ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, Kenya tangu 2010, na swali hilo humlinda mtoto. Beba barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki, iliyothibitishwa na wakili, ikitaja nchi mnayokwenda, tarehe za kwenda na kurudi na namba ya pasipoti ya mtoto, na iambatanishe na nakala ya kitambulisho chake. Mjane abebe cheti cha kifo. Aliyepewa malezi na mahakama abebe nakala ya amri. Shangazi au bibi anayesafiri na mtoto anaihitaji barua hiyo kuliko mtu yeyote.

Mzazi asiyetaka mtoto asafiri ana mlango wa mahakama. Kufungia pasipoti kabatini au kuficha cheti si njia ya kisheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yawe ya kwanza katika kila uamuzi unaomhusu. Kwa Wakenya, Ibara ya 53 ya Katiba inasema hivyohivyo, na inaongeza kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Nimeona baba akiirarua pasipoti ya mwanawe mbele ya ukoo mzima. Mahakamani hasira hiyo haikumsaidia.

Tiketi nayo ina mitego yake. Mtoto akitimiza miaka 2 mkiwa bado safarini, wakati wa kurudi atahitaji kiti chake na nauli ya mtoto, hata kama alikwenda amepakatwa. Hesabu siku kabla ya kulipa. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu, kwa hiyo mama wa mapacha anayesafiri peke yake atamlipia wa pili kiti, au amtafute ndugu. Kitanda kidogo kinachofungwa mbele ya safu ya kwanza huombwa mapema, kina kikomo cha uzito, na idadi yake haiwatoshi wote. Omba kwa maandishi, hifadhi jibu.

Kuhusu maziwa: kanuni ya mililita 100 ilianza 2006, baada ya njama ya kulipua ndege kufichuliwa London, na tangu mwanzo maziwa na chakula cha mtoto vilipewa nafasi ya pekee. Unaruhusiwa kiasi kinachotosha safari. Toa chupa na uji nje ya begi la mkononi, sema ni vya mtoto, kubali vipimwe. Mkibadilisha ndege Addis Ababa au Doha mtakaguliwa upya, kwa hiyo eleza upya. Na kuhusu chanjo: kama nchi mnayokwenda inadai ile ya homa ya manjano, kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano na ni ya maisha. Nchi nyingi huwadai watoto kuanzia miezi 9 au mwaka mmoja. Uliza ubalozi wao.

Sasa ndani ya ndege. Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaotawala madai dhidi ya mashirika katika safari za kimataifa. Kuna kesi moja ningependa kila mzazi aijue. Mwaka 2015 msichana wa miaka 6 alisafiri na baba yake kutoka Mallorca kwenda Vienna. Kikombe cha kahawa ya moto kilichowekwa kwenye meza ya baba kilipinduka, mtoto akaungua kifua. Shirika likajitetea kwamba hiyo si "ajali" ya kimkataba, kwa kuwa haikutokana na hatari ya urukaji: ndege haikuyumba, hakukuwa na dhoruba. Tarehe 19 Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa hoja hiyo. Kitu kinachotumika kuwahudumia abiria kikimjeruhi mtu ndani ya ndege, hiyo ni ajali, na mdai halazimiki kuonyesha kwamba imetokana na hali ya kuruka.

Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi wa Ulaya, lakini maneno waliyokuwa wakiyatafsiri ndiyo hayohayo tuliyosaini sisi. Wakili wako autumie. Shirika linaweza kudai kwamba mzazi alizembea ili fidia ipunguzwe, kwa hiyo kataa chai ya moto ukiwa umempakata mtoto. Akiumia, dai taarifa iandikwe kabla hamjashuka, piga picha, nenda hospitali siku ileile ukatunze karatasi. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Ikipita, haki yenyewe imekufa.

Anayepanda shirika la Ulaya kutoka Dar kwenda Amsterdam, au shirika lolote linaloondokea Umoja wa Ulaya, ana pia Kanuni Na. 261 ya 2004 ya Umoja huo. Ndege ikighairiwa au ikichelewa mno bila sababu ya dharura, fidia kwa safari ndefu hufika euro 600 kwa kila abiria. Kanuni humwacha nje anayesafiri bure. Mtoto aliyelipiwa nauli ya watoto inayouzwa kwa watu wote anaweza kuombewa fidia yake. Usiandike jina lako peke yako kwenye fomu.

Turudi Muscat. Kigari kilichopewa lebo ya mizigo na kukabidhiwa kwa wahudumu kiko mikononi mwa shirika. Kikiharibika humo, shirika linawajibika, isipokuwa kama ubovu ulikuwa wa kigari chenyewe. Kikomo cha fidia ya mizigo kwa abiria mmoja, tangu Desemba 28, 2024, ni 1,519 kwa kipimo cha fedha cha IMF kiitwacho SDR, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo; utalipwa hasara uliyoithibitisha, kwa hiyo tafuta risiti ya kigari. Na ukionyeshwa lebo yenye maneno madogo kwamba shirika "halihusiki na vigari vya watoto", soma Ibara ya 26 ya Mkataba wa Montreal: sharti la kumwondolea msafirishaji dhima ya Mkataba huo ni batili.

Ila Mkataba una saa yake. Mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, uliochelewa ndani ya siku 21. Maneno ya kaunta hayahesabiki. Barua pepe yenye picha, namba za tiketi zote mbili na nakala ya lebo inatosha kuanzia. Shirika likinyamaza, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa Kenya ni mamlaka yao ya usafiri wa anga, KCAA. Safari za ndani, kama Dar hadi Mwanza, hufuata sheria za nchi na masharti ya tiketi, lakini tabia ya kuandika mapema ni ileile.

Dada yangu, ulipokea kigari Jumamosi, na gazeti hili linatoka Jumatano. Andika leo, na kwenye nafasi ya jina la abiria weka la binti yako pia.