Ng'ombe Aliyezoea Kupiga

Katika darasa la hapa Kibamba tuliulizwa: mtu aliyefungwa kwa kumkata mwenziwe kwa panga, akatoka, akarudia, yafaa ahukumiwe namna gani? Swali hili si la mchezo. Twakumbuka Septemba 2022, vijana wenye mapanga, hao waitwao Panya Road, walipovamia nyumba za watu huko Kawe usiku, akauawa msichana mwanafunzi.

Torati yalipambanua jambo hili katika Kutoka 21. Ng'ombe akimwua mtu kwa pembe mara ya kwanza, ng'ombe hufa, lakini mwenyewe hana hatia. Bali kama alikuwa amezoea kupiga, na mwenyewe ameonywa asimzuie, hatia yamshika mwenyewe pia. Mazoea, basi, huongeza uzito wa hukumu.

Na sheria ya nchi yetu je? Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, Kanuni ya Adhabu yaamuru kifungo kisichopungua miaka 30. Aliyeanza jana na aliyerudia mara ya tatu wote huanzia hapo. Sisi twaona kifungo hicho chawalinda watu, ila hakimu hana nafasi ya kumshushia yule wa kwanza. Kijana wa miaka 20 aweza kutoka akiwa mzee wa 50.

Katika makosa mengine ya kujeruhi nafasi iko. Hapo mwendesha mashtaka hueleza kama mtu huyo alipata kutiwa hatiani zamani, naye mwenyewe huomba apunguziwe. Lakini angalieni sana utaratibu wake: kwa kawaida maneno hayo husemwa baada ya hatia kuonekana, si kabla. Kosa la zamani hupima adhabu. Halithibitishi kosa jipya. Hata ng'ombe yule ilipasa kwanza ijulikane ya kuwa ndiye aliyeua.

Hapo ndipo tukosapo sisi raia. Usiku mmoja mtaani kwetu palipigwa yowe la mwizi, na watu wakakimbilia mlango wa mtu aliyetoka gerezani mwaka uliotangulia, wengine wamebeba mawe. Tukasimama mlangoni pamoja na mjumbe, tukauliza: Ni nani aliyemwona? Hakuna aliyejibu. Walisema tu ya kuwa alipata kufungwa.