Mwigumbi hadi Lamadi: dereva wa lori asimame wapi?

Lami inayotoka Mwigumbi, wilayani Kishapu, ikapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi kando ya Ziwa Victoria, imebadili safari za malori Kanda ya Ziwa. Mwenye mzigo wa Bunda, Musoma au mpaka wa Sirari halazimiki tena kuzungukia Mwanza. Kwa hiyo madereva wengi sasa wanakatiza Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, na wengi wanaupita usiku bila kujua wamepita wapi. Haya ni maswali ambayo madereva wa masafa marefu huuliza kuhusu njia hiyo, na majibu yetu.

Simiyu ni tambarare na pamba tu. Kuna nini cha kumfanya mtu asimame?

Kuna hiyo pamba yenyewe. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na msimu wa kununua hufunguliwa mwezi Mei. Kuanzia hapo utaona vilima vyeupe kwenye maghala ya vyama vya msingi, na viwanda vya kuchambua vikifanya kazi mchana na usiku. Dereva anaweza kubeba marobota miaka kumi asijue yanavyotengenezwa. Ukiwa unasubiri kupakia, omba ruhusa kwa msimamizi uingie uone: mashine inatenga nyuzi na mbegu, nyuzi zinashindiliwa hadi robota linakuwa gumu kama gogo, mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yanaliwa na ng'ombe. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi hazifiki hata nusu. Ukishaliona hilo kwa macho yako, utaelewa kwa nini mkulima anafuatilia bei kila siku.

Vijiweni tunasikia sana habari za kijiji cha Gamboshi. Kipo kweli? Mtu anaweza kwenda?

Kipo. Gamboshi ni kijiji cha Wilaya ya Bariadi, na sifa yake imeenea nchi nzima. Husemwa kwamba ni makao makuu ya wachawi, kwamba usiku panageuka jiji la maghorofa na taa, na kukicha hakuna kitu. Simulizi hiyo imewavuta waandishi wa habari kwa miaka mingi. Anayefika mchana hukuta nyumba, mifugo, mashamba na watu wanaoangalia mvua kwa wasiwasi uleule wa wenzao wa Dutwa au Itilima.

Kwenda unaweza, ila si na semi. Acha gari Bariadi mjini, sehemu yenye mlinzi, uchukue bodaboda. Anzia ofisi ya mtendaji wa kijiji ueleze umetoka wapi na unataka nini. Asubuhi salimia "wangaluka", mchana na jioni "mwadila", na mama mtu mzima mwite "mayu". Usipige picha nyumba ya mtu bila idhini yake, na usimuulize mtu yeyote kama yeye ni mchawi.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa uchungu. Usukumani wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hasa wanawake, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka mingi ya kupika. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu enzi za mkoloni mwaka 1928, inahesabu kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Simulizi ya jiji la usiku ni tamu kusimuliana kwenye foleni ya mizani. Ikianza kubandikwa kwa bibi fulani, inaweza kumtoa roho. Dereva anafika mikoa mingi na maneno yake yanafika mbali, basi akitoka Gamboshi aseme alichokiona.

Ngoma za nyoka je, bado zipo?

Zipo, na ndiyo sababu nawashauri madereva waliozoea njia hii wapange angalau mapumziko yao mamoja mwezi Juni au Julai. Mavuno yakishaingia ndani, Wasukuma hucheza. Vyama vya ngoma vimegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, zinazotokana na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliopambana kwa ngoma na kwa dawa. Mpaka leo makundi hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Kwa hiyo kila mbinu inatumika: majembe yanarushwa hewani, vinyago vinatolewa, na Bayeye, wale wa chama cha nyoka, wanaingia na chatu shingoni.

Mashindano yanayojulikana zaidi ni Bulabo, yanayofanyika Juni huko Bujora, Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza. Hapo pia pana Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yenye ngoma za watemi. Lakini ukiona watu wamekusanyika uwanjani Maswa au Bariadi, usingoje Bujora. Shuka.

Wanyama pori tutawaona bila kulipa kiingilio?

Ukiwa na bahati na msimu sahihi, ndiyo. Ukifika Lamadi ukakata kulia kuelekea Bunda, unapita jirani na lango la Ndabaka, mahali ambapo pembe ya magharibi ya Hifadhi ya Serengeti inalikaribia ziwa. Kati ya Mei na Julai misafara ya nyumbu hupita ukanda huo wa magharibi, na wakati mwingine wanyama wanaonekana kutoka barabarani. Punguza mwendo, hasa alfajiri na jioni. Usisimame katikati ya lami, usishuke kuwafuata, usiwarushie chakula. Wakulima wa Busega wanaoamka na kukuta tembo amemaliza shamba hawahitaji mnyama mwingine aliyezoea kulishwa na malori.

Na kile kilima cha vumbi pale Maganzo?

Ni mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui, jirani na Mwigumbi. Mjiolojia Mkanada John Williamson aligundua almasi hapo mwaka 1940. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5, naye akampa Elizabeth wa Uingereza, wakati huo bado binti mfalme, kama zawadi ya harusi. Kuingia ni kwa kibali tu, kwa hiyo tazama kutoka nje uendelee.

Chakula?

Lamadi kula sato. Maswa na Bariadi tafuta michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Vinakaa kwenye kabati la gari wiki nzima bila kuharibika, tena vinashibisha kuliko biskuti.

Tatizo letu ni maegesho. Tusimame vipi na tela la futi 40?

Hilo ndilo tatizo lenyewe, wala si uvivu wa madereva. Usiegeshe ukingoni mwa lami na kuweka matawi kama onyo. Watu wamekufa kwa kugonga malori yaliyosimama gizani. Tumia vituo vya mafuta na yadi za miji, na utingo abaki na gari.

Lakini miji nayo inaweza kumkaribisha dereva. Nchini Marekani, duka la dawa la Wall Drug huko South Dakota, lililofunguliwa mwaka 1931, lilipata umaarufu kwa kuweka vibao barabarani vya kuwakaribisha wasafiri kunywa maji ya barafu bure. Kibao na maji ya baridi, basi. Bariadi ina uwanja wa Nyakabindi, uliobeba maadhimisho ya kitaifa ya Nane Nane miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Nafasi ipo. Halmashauri za Maswa, Bariadi na Busega zitenge maegesho ya malori yenye taa, choo na mlinzi, na ziweke kibao kinachoonyesha ngoma zinachezwa wapi wiki hiyo. Dereva aliyelala vizuri na kula vizuri ataacha hela yake Simiyu, na atafika Sirari salama.